Mzazi unayetaka kupunguza uzito: anza na chungu cha nyumba nzima, sahani yako itafuata

Mwalimu wa Lishe (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Kila baada ya sikukuu maswali humu ni yale yale. "Nipeni dayati ya wiki mbili." "Chai gani inakata tumbo la uzazi?" "Nina watoto watatu, nataka mwili wangu wa zamani." Wanaowahi kujibu mara nyingi ni vijana wasio na mtoto wa kuwaamsha saa nane usiku. Wanamwambia mama wa watu achemshe kifua cha kuku, anunue brokoli, aende jim kwa saa moja na nusu kila siku. Mzazi akisoma anakata tamaa kabla hajaanza.

Mimi nafundisha Chakula na Lishe sekondari, ni mama wa watoto watatu, na uzito nilioupunguza baada ya mtoto wa mwisho haujarudi. Namwandikia mzazi anayetoka nyumbani na giza, akarudi jioni na mfuko wa soko mkononi na watu wanaosubiri kula.

Msimamo wangu ni huu: mzazi anayejipikia chakula chake peke yake hafiki mbali. Wenzako wanakula wali na maharage, wewe umekaa pembeni na karoti, mume anauliza kama umenuna, mtoto anataka kuonja. Unapika mara mbili, unaosha vyombo mara mbili, na wiki ya tatu umechoka. Nyumbani kwetu chakula kinaliwa pamoja. Basi kibadilike kile kinachoingia chunguni, na kabla ya hapo kile kinachonunuliwa.

Tuanze na dumu la mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni yale ya bei kali, kina kalori (kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula) kama 120. Tuseme nyumba ya watu 5 inamaliza dumu la lita 5 kwa wiki 3. Ukigawanya, kila mtu, hadi wa chekechea, anakula karibu kalori 400 kwa siku za mafuta peke yake, na hakuna aliyeyaona kwa sababu yamejificha kwenye mboga. Dumu hilo hilo likifika wiki 6, kila mtu amepunguziwa kama kalori 200 kwa siku, na hakuna aliyelala njaa wala aliyeambiwa yuko kwenye dayati. Mimi naandika tarehe ya kulifungua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko programu zote za simu.

Namna ya kufika huko: acha kumimina, pima kwa kijiko. Kitunguu kikaange kwa vijiko 2 tu. Nyanya zikianza kushika sufuria, usiongeze mafuta, tia maji ya moto kidogo, funika, punguza moto. Baada ya muda unakuta zimevunjika zenyewe na rojo zito limekuja. Hapo tia mchicha, maharage au dagaa wako. Samaki apikwe chukuchuku kwa ndimu, kitunguu saumu, bamia na pilipili mbuzi nzima ikiwa juu bila kupasuliwa. Familia yangu walinuna siku za mwanzo, sasa wakila kwa watu wanarudi wanalalamika mboga ilikuwa inaelea mafuta.

Pili, sukari ya chai. Vijiko 3 vya chai kwa kikombe, vikombe 3 kwa siku, ni vijiko 9, yaani karibu gramu 40. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Soda moja ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35. Punguza nusu kijiko, kaa hapo mpaka ulimi uzoee, kisha punguza tena nusu. Ukiacha ghafla utairudia Jumamosi tu.

Tatu, na hili wazazi wengi hawalihesabu kabisa: makombo ya watoto. Nusu chapati iliyong'atwa, kiini cha yai alichokikataa, uji uliobaki chini ya kikombe, ukoko wa wali. Mama anakula mlo wa nne akiwa amesimama kwenye karo, na ukimuuliza amekula nini leo atakutajia milo mitatu. Tumelelewa kwamba chakula hakitupwi, na mimi sitaki kitupwe. Dawa yake ni kumpakulia mtoto kidogo na kumwacha aombe cha kuongeza. Kilichobaki sufuriani hakijaguswa, ni kiporo cha asubuhi. Kilichotafunwa, wape kuku.

Kuhusu ugali na wali, msiogope. Sembe na dona kalori zake zinakaribiana. Ubora wa dona ni nyuzinyuzi zinazokufanya ushibe mapema na ukae nazo muda mrefu. Punguza bonge, ongeza mboga za majani mpaka zichukue nusu ya sahani, na kila mlo uwe na maharage, choroko, kunde, mayai, dagaa au nyama kiasi. Mtu asiyeshiba mchana ndiye anayemaliza paketi ya biskuti saa kumi na moja jioni.

Mwisho kwa sasa: mwendo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa punguzo la 200 kwa siku, hesabu ya karatasi inakupa kilo moja kwa wiki 5 au 6, na mwilini huenda polepole zaidi ya hapo kwa sababu mwili mwepesi unatumia kidogo. Najua inaonekana haba mbele ya yule anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi. Lakini Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6. Kilo 6 kwa mwaka mzima zinawezekana na watoto wakiwa mgongoni.

Karibuni kwa maswali.

Kitenge Kipya

Asante sana mwalimu. Mimi nina mtoto wa miezi minne, nilijifungua kwa upasuaji, nanyonyesha. Mama mkwe yupo hapa tangu arobaini, mtori asubuhi, supu ya kongoro mchana, uji wa pilipili manga usiku, nikikataa anasema mtoto atakosa maziwa. Amenifunga na mkanda nao siufungui. Shoga yangu kaniletea chai ya kupunguza mwili, sijaianza. Na nadhani sindano ya uzazi wa mpango ndiyo inaninenepesha, nataka kuiacha. Nisaidieni.

Nesi wa Zamu

Dada hongera kwa mtoto. Nipo kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, ngoja nijibu moja moja.

Chai usiinywe. Chai nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umetoa maji na kinyesi, mafuta yako yako pale pale. Ukinywa maji, uzito unarudi. Kibaya zaidi unapoteza madini pamoja na maji, na wewe unanyonyesha.

Maziwa: mama anayenyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku. Mama mkwe hajakosea kukulisha. Ila maziwa yanatengenezwa kwa mtoto kunyonya mara kwa mara na wewe kunywa maji na kula mlo kamili. Supu kuwa na mafuta hakuongezi maziwa. Mtori mwache apike, ni chakula kizuri, ndizi na nyama. Mwombe aengue mafuta yaliyoganda juu, na uji usitiwe siagi na sukari vyote kwa pamoja. Ukipungua kama nusu kilo kwa wiki mtoto hatapata shida. Usishuke haraka kuliko hapo, na usianze kufunga milo.

Mkanda unashikilia tumbo na unaweza kukupa nafuu unapotembea, lakini hauchomi mafuta. Kwa mwenye kidonda cha upasuaji usikazwe mpaka unashindwa kuvuta pumzi. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, bonyeza vidole juu ya kitovu. Ukiona kuna mfereji vidole vinazama, misuli ya tumbo imeachana, jambo la kawaida baada ya mimba. Wenye hali hiyo wasikimbilie mazoezi ya kulala na kuinuka. Muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe ya kuanzia.

Sindano ya miezi mitatu: ni kweli wapo wanaoongezeka uzito nayo, na wapo ambao haiwagusi. Usiache kimya kimya, utashika mimba nyingine mtoto hajakaa. Njoo kliniki useme, kuna njia zisizo na homoni kama kitanzi cha shaba.

Nyongeza kwa wote: kama uliwahi kuambiwa una sukari wakati wa mimba, hatari ya kisukari baadaye ni kubwa hata kama sukari ilirudi sawa. Pima kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, halafu uendelee kupima. Wengi wanaambiwa wanasahau.

Baba Pacha

Wakuu, naona uzi umegeuka wa akina mama, na sisi wazazi wenye vitambi tupo. Kitambi changu kilianza mapacha walipozaliwa. Usingizi hakuna, kazini naondoka na njaa, supu na chapati mbili asubuhi, chipsi mayai mchana, jioni bia mbili na ndafu kidogo na washkaji "kupunguza mawazo". Mwalimu, kwa mtu kama mimi naanzia wapi? Kukimbia magoti hayataki.

Mwalimu wa Lishe

Mkuu, anza na futi ya fundi cherehani. Zungusha tumboni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida, soma. Mwanaume akipita sentimita 94 hatari ya moyo na kisukari imeanza kupanda, akipita 102 imepanda sana. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayozunguka ini na viungo vya ndani, kwa hiyo kiuno kinasema mengi ambayo mizani haisemi.

Bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Mbili kila jioni ni 400, ongeza nyama ya kusindikizia. Ziache za katikati ya wiki, hiyo peke yake inatosha kwa mwezi wa kwanza. Chapati mbili na supu ziwe chapati moja na supu yenye nyama na kachumbari nyingi. Mchana mama ntilie yeyote ana wali maharage na mchicha. Mwambie asikumwagie mchuzi wa juu wenye mafuta, anaelewa.

Na usingizi uutetee. Mtu aliyepata usingizi wa saa 4 au 5 tu, njaa yake kesho yake ni kubwa, na inataka vitamu na vya kukaanga. Mwili unafanya hivyo wenyewe, usijilaumu kwa ulafi. Gawaneni zamu na mama mapacha: wewe shika mpaka saa saba usiku, yeye ashike kuanzia hapo, au kinyume chake. Kila mmoja apate kipande kimoja cha usingizi kisichokatwa.

Kukimbia si lazima. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, na siku 2 za kuimarisha misuli. Zamani walidai vipande visiwe chini ya dakika 10, sharti hilo wameliondoa. Kwa mzazi hii ni habari njema sana. Dakika 7 za kuwapeleka watoto shule kwa miguu badala ya bodaboda zinahesabika. Kushuka kituo kimoja kabla kunahesabika. Misuli usiisahau: chuchumaa na kuinuka ukiwa umembeba pacha mmoja, kisha mwingine, sukuma ukuta, panda ngazi. Mtu akipungua bila kutumia misuli, misuli nayo inaondoka.

Ila tusidanganyane: kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka kunachoma kalori kama za soda moja. Mazoezi yanalinda moyo, yanatuliza akili na yanasaidia uzito usirudi. Wa kuupunguza hasa ni chungu.

Bint Likoni

Salaam aleikum. Mwalimu, huku kwetu Mombasa asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi, Ijumaa biriani, na Ramadhani ndiyo hiyo yaja na kaimati zake. Ukimwambia mtu wa pwani aache nazi umemwambia ahame.

Mimi nilivyofanya: zamani tui zito nikilimimina lote mwanzo. Sasa mbaazi hupikwa kwa tui la pili na la tatu, lile jepesi, na tui zito nikatia upawa mmoja tu mwisho, kabla ya kuepua. Harufu ni ile ile na ladha ni ile ile, kwa sababu kinachonukia ni lile la mwisho. Mahamri twapika Jumapili. Siku nyengine ni muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha kwa mbaazi zizo hizo, na watoto wapenda. Ramadhani twafungua kwa tende na maji, supu, kisha twaenda kuswali. Ukirudi mezani baada ya Magharibi, tumbo lishatulia, sambusa moja yakutosha. Mwenye kukaa na sinia toka adhana ndiye hunenepa mwezi wa kufunga.

Mwalimu wa Lishe

Dada hilo la tui la mwisho naliandika kwenye daftari langu. Asante sana.

Mama Kimara

Mimi shida yangu si chakula, ni maneno. Nilipunguza kiasi, nguo zikaanza kunipwaya. Jirani: "Mbona umekonda hivyo, ndoa ina shida?" Shangazi kanipigia simu kuuliza kama nimepima. Kanisani mtu kanishika mkono ananipa pole. Mume wangu mwenyewe akasema watu watadhani hanitunzi. Nikaanza kula tena ili waache. Mnafanyaje?

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, nimeishi na presha muda mrefu, ngoja nikwambie. Kwetu mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, akipungua tunatafuta ugonjwa. Hilo lina sababu zake, tuliona watu wengi wakikonda na kuondoka miaka ya tisini, hofu ile haijatutoka. Kwa hiyo usiwachukie wanaouliza. Wengi wanakupenda.

Lakini ugonjwa ukija, wa kumeza vidonge vya presha kila asubuhi ni wewe. Kaa na mumeo kwanza, kabla ya hao wengine. Nendeni wote wawili mkapime presha na sukari, aione kwa macho yake. Akishajua, atakusemea yeye kwa ndugu zake: "Daktari kamwambia apunguze, na mimi napunguza naye." Ukisema wewe wanabisha, akisema yeye wananyamaza. Shangazi yako mwambie ukweli, mimi kama shangazi ningependa kuambiwa.

Mwalimu wa Lishe

Shangazi, shikamoo, umenifundisha. Mama Kimara, jambo moja la kuongeza: hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa kuzaa hapa Tanzania wana uzito uliozidi. Wa 2015–16 ukakuta 28. Hapo mtaani kwako wapo wanaokuuliza kwa maneno ya kejeli ilhali wanatamani kujua ulianzaje. Mwenye nia ya kweli mkaribishe mtembee pamoja jioni.

Baba Pacha

Nimepima kiuno, 106. Mke naye kapima. Dumu tumeliandika tarehe leo. Jumapili hii najiunga na jogging ya mtaani kwetu Temeke, wamesema wapo wanaotembea nyuma ya wanaokimbia.

Nesi wa Zamu

Safi mkuu. Kabla ya Jumapili pita kituo chochote cha afya upimwe presha na sukari. Kwa 106 na supu za kila asubuhi, usianze bila kujua namba zako.

Kitenge Kipya

Asanteni. Mama mkwe nimemsomea aliyoandika nesi, amekubali kuengua mafuta ya supu ila mtori amesema haugusi mtu. Swali la mwisho, ni la dada yangu: binti yake ana miaka 9, mnene, shuleni wanamcheka, naye ameanza kukataa kula mchana. Amwekee dayati kama ya mama?

Mwalimu wa Lishe

Hapana dada, na tafadhali mwambie leo. Mtoto wa miaka 9 bado anarefuka. Mara nyingi akibaki na uzito ule ule huku urefu unaongezeka, mwili unajipanga wenyewe. Asinyimwe chakula, asipimwe kwenye mizani mbele ya wenzake, na neno "mnene" litoke nyumbani kwao kabisa, hata kwa utani, hata mama anapojisema mwenyewe kwenye kioo, kwa sababu mtoto anasikia. Soda na juisi za paketi zisinunuliwe kwa ajili ya yeyote humo ndani, ili asione ametengwa. Ampe kifungua kinywa kabla ya shule. Mtoto wa umri huo anatakiwa kucheza na kukimbia kama saa moja kwa siku. Kuruka kamba, rede, kwenda dukani kwa miguu, vyote vinaingia humo.

Kwa wenye watoto chini ya miaka 2, mafuta ya chungu yakipungua, mtoto huyo aongezewe kwenye sahani yake: parachichi lililopondwa, karanga zilizosagwa laini kwenye uji, maziwa yenye mafuta yake. Ubongo wake unayahitaji.

Huko kukataa kula mchana kwa binti wa dada yako ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko uzito. Dada yako azungumze na mwalimu wa darasa kuhusu wanaomcheka, na ampeleke kwa afisa lishe wa hospitali ya wilaya apimwe urefu na uzito pamoja. Abebe na kadi yake ya zamani ya kliniki kama bado ipo, watataka kuona alikuwa akikua vipi tangu mwanzo.